Sauti inamezwa na biti: kufoka kwa Kiswahili juu ya tekno ya indastriali

Swali la msomaji: Habari mtaalamu. Nina laptop, kadi ya sauti ya njia mbili na maiki ya kushika mkononi. Natengeneza tekno nzito ya indastriali, BPM (mapigo kwa dakika) 138, na biti yenyewe naikubali. Shida inaanza nikiingiza sauti. Nataka kufoka kwa Kiswahili, kwa hasira, lakini sauti inamezwa. Nikiongeza distosheni inageuka mchakacho mtupu, maneno hayasikiki, na baada ya nusu saa koo linawaka. Nimebadilisha plagini hadi nimechoka. Nakosea wapi?

Jibu: Salama ndugu. Plagini, yaani programu ndogo za kuchakata sauti, ziweke kando kwanza, hizo ndizo za mwisho kulaumiwa. Biti ambayo inakutosheleza kabla sauti haijaingia ni biti iliyokwisha kujaa. Ukileta sauti juu yake unaleta mgeni kwenye nyumba isiyo na chumba, na hakuna kompresa (kifaa cha kubana sauti kubwa) itakayojenga chumba hicho. Hasira katika muziki huu inatokana na mpangilio wa mapigo, nafasi tupu na namna silabi zinavyogonga. Distosheni, yaani kuikwaruza sauti kwa makusudi, inapaka rangi tu. Ukiielewa hiyo, matatizo yako yote matatu, hata la koo, yataonekana yana mzizi mmoja: unailazimisha sauti ipigane na biti badala ya kuipangia kazi ndani yake.

Amua basi unataka sauti ya aina gani, maana zipo tatu na kila moja ina mahitaji yake.

Ya kwanza ni amri inayopayukwa, karibu safi kabisa. Hii ilitengenezwa Ujerumani na DAF, wawili wa Düsseldorf, kwenye albamu yao *Alles ist gut* ya 1981 iliyosimamiwa na prodyuza Conny Plank. Sikiliza kilichomo: besi ya sekwensa (mashine inayorudia noti zilizopangwa), ngoma za Robert Görl, sauti ya Gabi Delgado, basi. Front 242 wa Ubelgiji wakaupa muziki wa namna hii jina la electronic body music, yaani EBM, mwaka 1984, na Nitzer Ebb wa Chelmsford, Uingereza, wakaufikisha kileleni na *That Total Age* mwaka 1987. Sauti zao zinatisha na distosheni ni ndogo mno, kwa sababu kati ya pigo na pigo kuna utupu wa kutosha kusikia mtu anavyovuta pumzi.

Ya pili ni sauti iliyopitishwa mitamboni hadi ikawa nusu mtu nusu sintesaiza. Skinny Puppy wa Vancouver walianza nayo miaka ya themanini, halafu Suicide Commando wa Ubelgiji na Hocico wa Mexico wakaipeleka kwenye mtindo unaoitwa aggrotech, ambako kiki (ngoma nzito ya chini, si kiki za mitandaoni) ni ya tekno kabisa na sauti imekwaruzwa mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ni ukelele halisi wa metali na hadikoo (panki kali ya hardcore), unaotoka kooni kabla ya plagini yoyote. Youth Code wa Los Angeles wako hapo. Kwetu walitokea Duma wa Nairobi, Martin Khanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye mitambo, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa yake mwenyewe, *The Adept*, mwaka 2024. Isikilize na uone jinsi biti inavyomwachia njia kila anapoingia.

Kwa hali uliyoeleza, tengeneza wimbo mmoja wa aina ya kwanza hata kama moyo wako uko kwenye ya tatu. Ukiweza kufanya sauti safi isikike na itishe juu ya kiki ya BPM 138, kuichafua baadaye ni kazi ya dakika kumi.

Kupasafisha mahali pa sauti

Kiki na mvumo unaoifuata ndio uti wa mgongo wa tekno hii. Mvumo hutengenezwa hivi: kiki inapelekwa kwa njia ya pembeni kwenye riverbu (mwangwi) ya sekunde 1.5 hadi 2.5, riverbu ikiwa asilimia 100, kiki yenyewe isipite humo. Baada ya riverbu inakuja distosheni kidogo, halafu kichujio kinachokata kila kilicho juu ya Hz 120 hadi 150 na kingine kinachokata chini ya Hz 30. Mwisho ni kompresa ya saidicheini inayoisikiliza kiki, ili mvumo uiname kiki inapogonga na uinuke katikati. Kwa BPM 138 pigo moja lina milisekunde 435 (gawanya 60,000 kwa 138). Kompresa ikichukua milisekunde 300 na zaidi kuachia, mvumo haupati muda wa kuinuka kabla kiki nyingine haijafika, na biti inasikika kama imebanwa pumzi. Weka 150 hadi 200. Njia yote hii ibaki mono, yaani katikati, isitawanywe kushoto na kulia.

Angalia mpangilio huo: distosheni iko kabla ya kichujio. Wengi wanaiweka mwisho, na hapo ndipo sauti inapouawa. Distosheni huzaa masafa mapya juu ya yale yaliyoingia. Mvumo wa Hz 50 unatoa 100, 150, 200, 250 na kuendelea, na kufumba na kufumbua eneo la Hz 200 hadi 500, palipo kifua cha sauti ya mtu, limejaa tope. Wewe unaona sauti ni nyembamba, unaiongezea milio ya chini, tope linazidi.

Panda juu kidogo. Kati ya Hz 1,000 na 4,000 ndipo sikio la binadamu lilipo kali zaidi, na ndipo konsonanti zinapotofautishwa. Lakini hapo hapo ndipo zinapokaa sintesaiza yenye distosheni, snea, mlio wa juu wa kiki na zile sampuli za vyuma ambazo kila anayefanya indastriali anazipenda kupita kiasi. Kitu kilichopigwa distosheni hakikai mahali pamoja, kinatanda kote. Ukiwa na vitu vinne vya namna hiyo kwa wakati mmoja, cha tano, yaani sauti, hakina pa kusimama. Kanuni ninayoitetea ni ngumu kidogo: kwenye sekunde yoyote ile, kitu kimoja tu ndicho kiwe kichafu katikati. Sauti ikifoka, kichujio cha sintesaiza kifungwe hadi kama Hz 900 na sampuli ya chuma inyamaze au ishuke dB 6. Sauti ikinyamaza, vifunguliwe vyote, na hapo ndipo biti inaporuka. Paa mbili za sauti (paa moja ni mapigo manne), paa mbili za mashine kuitikia. Msikilizaji atasema sauti ni kali, kumbe kilichofanya kazi ni ule utupu uliouacha.

Baada ya kupanga hivyo, kusanya sintesaiza zote kwenye chaneli moja na uweke ekwalaiza inayobadilika, ikisikiliza sauti kwa saidicheini na kupunguza dB 2 hadi 3 kwenye Hz 2,500. Ukijikuta unahitaji zaidi ya dB 4, rudi kwenye mpangilio, kuna kitu hujakinyamazisha.

Kuna somo jingine hapa hapa kwetu. Masela wa singeli wa Dar es Salaam wanachana Kiswahili juu ya biti zinazovuka BPM 200, na unawasikia. Sababu moja kubwa ni kwamba singeli mara nyingi haina besi ndefu wala mvumo. Milio yake ni mifupi na imekaa juu, kwa hiyo kifua cha sauti kiko wazi. Mkusanyo wa *Sounds of Sisso* wa 2017 utakuonyesha hilo kwa dakika chache. Tekno ya indastriali imefanya kinyume, imelundika uzito chini na katikati, ndiyo maana kuichanganya na sauti kunahitaji ukatili zaidi kwenye kufuta.

Maneno yenyewe

Hapa ndipo prodyuza wengi wanapita mbio, na ndipo penye faida kubwa kuliko plagini yoyote. Kiswahili kinatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tekno ina kiki nne kwa paa. Mkazo ukiangukia kiki, neno linagonga. Ukiangukia mahali pengine bila mpango, neno linateleza, na wewe unajaribu kulinusuru kwa kupiga kelele zaidi.

Kwanza angalia mwendo. Kwa BPM 138, ukitoa silabi moja kila robo ya pigo, una milisekunde 109 kwa silabi, zaidi ya silabi 9 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kuchana, huwezi kuifokea kwa nguvu. Nusu ya pigo inakupa milisekunde 217, kama silabi 4.6 kwa sekunde, na huo ndio mwendo wa kufoka. Tuchukue mstari: *mashine hailali*. Silabi ni ma-SHI-ne-ha-i-LA-li. Weka *ma* kwenye nusu ya mwisho ya paa iliyopita, *SHI* igonge pigo la kwanza, *ne* ifuate, *ha* na *i* zichukue pigo la pili, *LA* igonge la tatu. Mikazo yote miwili iko juu ya kiki bila kulazimisha, na pigo la nne limebaki tupu kwa ajili ya pumzi na jibu la sintesaiza. *Hatutaki tena* nayo inakaa vizuri: *ha* na *tu* ni za kuingilia, zinachukua pigo la nne la paa iliyopita, *TA* inagonga la kwanza, *TE* la pili. Lakini *vunja ukuta* ukiisema mfululizo, *VU* inagonga la kwanza halafu *KU* inaangukia katikati ya mapigo. Acha pigo la pili tupu, *u* iingie nusu ya mwisho ya pigo hilo, *KU* igonge la tatu. Mara moja inakuwa amri.

Jambo la pili ni irabu. Kila silabi ya Kiswahili karibu inaishia kwa irabu, kwa hiyo ukirefusha kilio ni irabu ndiyo inayobeba hasira. *A* na *e* ziko wazi, zinapenya. *U* na *o* nguvu yake iko chini, zinazama kwenye mvumo hata ukifoka vipi. Mstari ambao mikazo yake yote ni *u* utakusumbua hadi mwisho, ubadilishe tu. *I* inapenya lakini ikipita kwenye distosheni inakata masikio, itumie kwa vishindo vifupi.

Jambo la tatu: *p, t, k* na *ch* ni haihati (milio mifupi ya upatu) za bure. *Kata, piga, toka, pasua* zinaanza kwa mpasuko unaosikika hata kwenye spika ya simu. *M, n* na *ng'* hupotea kabisa, kwa hiyo neno kama *mnyonge* usilipe kazi ya kubeba kiitikio. Na unapopanga sauti kwenye gridi ya programu, usiweke mwanzo wa konsonanti kwenye mstari wa pigo. Weka mwanzo wa irabu. Konsonanti itatangulia kwa milisekunde 20 hadi 40, itaponyoka mlio wa juu wa kiki, na neno litasikika limefika kwa wakati. Hilo peke yake mara nyingine linamaliza nusu ya malalamiko ya kwamba sauti imemezwa.

Koo linalowaka

Kwanza sababu ambayo watu hawaishuku: hedfoni. Mtu asipoisikia vizuri sauti yake huipandisha bila kujua. Ukirekodi biti ikiwa juu na sauti yako ikiwa chini kwenye hedfoni, utapayuka hadi uumie huku ukidhani ndiyo hisia. Shusha biti, pandisha sauti yako, na uweke distosheni nyepesi kwenye sauti unayoisikia (ya kusikiliza tu, isirekodiwe). Ukisikia tayari ni kali, mwili unaacha kulazimisha. Ucheleweshaji nao uwe mdogo: bafa (kipande cha sauti ambacho laptop hukisubiri kabla ya kukichakata) ya sampuli 128 kwa kHz 48 ni kama milisekunde 2.7 kila upande, ukijumlisha na kadi yenyewe bado unavumilika. Bafa ya 512 ni karibu 11 kila upande, na hapo sauti inarudi nyuma yako, unaanza kuikimbiza.

Ukelele wa metali si kupayuka kwa nguvu zote. Kuna unaotumia mikunjo ya nyama iliyo juu ya kamba za sauti, wanaita kamba bandia, unatoa ngurumo nene. Kuna mwingine unaojengwa juu ya mkwaruzo mdogo wa chini kabisa wa sauti, mwembamba na mkali. Yote miwili, ikifanywa sawasawa, haina ukubwa wa sauti unaoudhania. Ukubwa unaletwa na maiki na kompresa. Nguvu inatoka tumboni na mbavuni, shingo na taya vikiwa vimelegea. Kujifunza kwa maandishi hakutoshi, tafuta mwalimu wa sauti anayeujua mtindo huu, wapo wanaofundisha kwa njia ya intaneti. Wakati huo, pasha sauti joto dakika 10 kwa kuguna taratibu na kutetemesha midomo, rekodi mara tatu au nne, pumzika dakika tano, na usizidishe dakika 20 hadi 30 za kufoka kwa siku moja mwanzoni. Kuwashwa, kukohoa baada ya mstari au noti za juu kupotea kwenye sauti ya kawaida ni ishara ya kuacha siku hiyo. Usimumunye pipi za kutia ganzi kooni ili uendelee, zinaficha maumivu ambayo ndiyo onyo lenyewe. Ukipwelewa sauti, nyamaza, na kunong'ona pia uache. Ikipita wiki mbili au tatu bila kurudi, muone daktari wa masikio, pua na koo. Ukikohoa damu au ukipata shida ya kupumua, usisubiri hata siku moja.

Kurekodi na mnyororo wa mitambo

Maiki ya mkononi ya dainamiki inakutosha kabisa, na kwa kufoka chumbani ni bora kuliko kondensa ya bei ndogo, maana haichukui chumba kizima. Kama ni SM58 ya Shure, fahamu kwamba feki zimejaa sokoni. Ya kweli ina gramu 298 bila waya, na feki nyingi ni nyepesi zaidi mkononi. Kaa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye wavu, mdomo ukiwa pembeni kidogo ili *p* na *b* zisipulizie moja kwa moja. Usiufunike wavu kwa kiganja. Picha inapendeza, lakini unaharibu uwezo wa maiki kukataa milio ya nyuma, na sauti inakuwa ya puani. Rekodi kwa ubora wa bit 24 (si biti ya ngoma), kHz 48, na geini iwekwe ukifoka mstari mkali kuliko yote, vilele viguse dB -10. Ikipasuka wakati wa kuingia, huo mpasuko hauna ladha na hauondoki.

Chumba kinahusu kuliko unavyofikiri. Kompresa ikibana dB 10 nawe ukairudisha dB 10, feni na mwangwi wa ukuta vimepanda dB 10 pia, na distosheni inaongeza nyingine juu yake. Huo mchakacho unaoulalamikia, sehemu yake ni chumba chako. Zima feni, tundika mablanketi nyuma yako na pembeni, si nyuma ya maiki tu.

Mpangilio wa mitambo sasa. Kata kwa mkono sehemu za kimya, acha pumzi mbili tatu kabla ya mistari mikubwa kwa sababu zinatisha. Kichujio kikate chini ya Hz 120. Punguza dB 3 hivi kati ya 250 na 400, hapo kukaa karibu na maiki kumerundika milio mizito. Kisha kipunguza *s* kati ya Hz 5,000 na 8,000, na hiki lazima kitangulie distosheni. *S* ikiingia ghafi inatoka ikiwa mlipuko wa upepo, na huwezi kuirudisha. Baada yake kompresa ya haraka, uwiano 6 kwa 1, ianze kubana ndani ya milisekunde 3 hadi 5 na iachie ndani ya 60, ibane dB 6 hadi 8 kwenye vilele.

Hapo gawanya njia mbili. Njia ya kwanza inaendelea safi. Ya pili ndiyo ya uchafu: kichujio kinachoacha Hz 350 hadi 3,500 tu, halafu distosheni, hiyo unaweza kuikoleza sana, halafu kichujio kinachokata juu ya 6,500. Sababu ya kuchuja kabla ni kwamba milio ya chini ikiingia kwenye distosheni pamoja na ya juu, ya chini inaitikisa ya juu na kuzaa milio isiyo na uhusiano na ulichosema. Ndiyo ile redio mbovu. Plagini ikiwa na kitufe cha kuzidisha sampuli mara 4, kiwashe, kinapunguza milio ya ajabu inayorudi kutoka juu kabisa. Changanya njia chafu polepole chini ya safi. Kwa aina ya kwanza iwe dB 10 hadi 12 chini yake, kwa aina ya pili zilingane au chafu ipite kidogo. Usiiondoe safi kabisa, ndiyo inayobeba konsonanti. Njia zote mbili zikutane kwenye kompresa ya mwisho, ya taratibu, 2 kwa 1, dB 2 au 3 zinatosha.

Kwa unene, rudia mstari mara mbili zaidi badala ya kunakili. Nakala hizo zipeleke kushoto na kulia kama asilimia 70, dB 8 chini ya ile ya katikati, kata chini ya Hz 250, na ufute *s, t* na *k* zake za mwanzo. Konsonanti tatu zikipishana kwa milisekunde 30 zinasikika kama mtu anayegugumia. Riverbu iwe fupi, sekunde 0.5 hadi 0.8, na dilei (mlio unaojirudia) ya milisekunde 326, ambayo ni robo tatu ya pigo kwa BPM 138, ipigwe kwenye neno la mwisho la mstari pekee. Riverbu ndefu juu ya sauti chafu inarudisha lile tope tulilolifuta asubuhi nzima.

Jaribio: cheza kwenye spika ya simu, sauti ndogo, mpe mtu asiyeyajua maneno ayaandike. Akikosa neno moja moja, sawa. Akikosa mstari mzima, zima njia chafu umuulize tena. Bado hasikii? Tatizo ni biti au matamshi. Ameanza kusikia? Punguza uchafu.

Jukwaani

Kila dB unayoirudisha baada ya kompresa ni dB moja unayosogea karibu na filimbi ya spika, na distosheni nayo ni kompresa kali kuliko zote. Ndiyo maana mnyororo uliofanya kazi chumbani unapiga filimbi ukumbini. Kwa jukwaa punguza distosheni kwa nusu, weka geti kabla yake lifunge usipofoka, na uwe na kitufe cha mguuni cha kunyamazisha. Ukipata kadi yenye njia za kutosha za kutoa sauti, mpe fundi mitambo njia tatu tofauti: biti, sauti safi, sauti chafu. Mwambie mapema kwamba sauti imekwishabanwa asiongeze kompresa, na kwamba chafu aishushe kwanza filimbi ikianza. Usipomwambia, ataona taa nyekundu, atadhani kuna kitu kimeungua, na atakukatia milio yote ya juu. Wala usimlaumu, ndiyo kazi yake.

Chomeka vizibo vya masikio. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, ni dB 85 kwa saa 8, na kila dB 3 zikiongezeka muda unagawanywa kwa mbili. Kwa dB 100 una dakika 15, na seti yako ni ndefu kuliko hapo.

Ukimaliza wimbo, vilele visivuke dB -1. Toleo la klabu likifika LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) -8 au -9 si vibaya, ila Spotify huishusha hadi karibu -14, kwa hiyo usiiponde mapigo ili kushindana huko. Anza na paa 32 zisizo na sauti, kwa BPM 138 ni kama sekunde 56, DJ apate pa kuunganishia, na mwisho hivyo hivyo. Toa pia toleo lisilo na sauti kabisa kutoka kwenye mradi ule ule. Ila kwenye toleo hilo zima zile saidicheini za sauti na ufungue vichujio vya sintesaiza, maana bila hivyo litasikika lina mashimo mahali ulipokuwa unafoka.